Ingekuwaje Kama Pikipiki Ingeharibika?

Jumatano, 5 Julai 2006

Tk. Sauti hiyo imenifuata mpaka kitandani. Mzee Lusubilo hugonga ulimi kwenye kaakaa — tk — kabla ya kusema, na tena akimaliza, kama vile bado ameshika simu ya upepo ya vita vya Kagera na kidole kiko kwenye swichi. Karudi kutoka Uganda mimi sijazaliwa! Wala hajui kwamba anafanya hivyo.

Leo tulipigana tena vita vya 1918, vya Mjerumani na Mwingereza, barazani kwake, ukungu ukiteremka mlimani, mimi nimejifunga khanga mbili juu ya sweta. Nilimsimulia nilichosoma chuoni. Mjerumani hakuwa ameshindwa. Alikuwa keshavuka upande wa Zambia ya leo, kapita Fife, hapo ng'ambo ya Tunduma. Ulaya vita vimekwisha, yeye hajui. Kajua kwa sababu askari wake walimkamata mwendesha pikipiki wa Waingereza akiwa na ujumbe. Pikipiki moja!

Nikauliza: ingekuwaje kama ingeharibika njiani?

Tk. Akasema Mjerumani angeteremka mpaka kwenye migodi ya shaba, Mwingereza angeomba suluhu ya peke yake, na leo Tunduma kusingekuwa na mpaka wala geti. Nikasema asingefika popote. Wapagazi wangemwishia. Vita havibebwi na redio wala pikipiki, vinabebwa na vichwa vya watu. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mwalimu, wewe ukipewa jeshi utalilisha mpaka lisahau kupigana! Tk."

Halafu akaniambia babu yake alikuwa miongoni mwa hao wapagazi. Wajerumani walimkamata kijijini Ibaba akitoka shambani. Siku habari ilipofika aliutua mzigo, akarudi kwao kwa miguu, akaoa.

Nashukuru. Itumba nzima wananiuliza nitaolewa lini. Huyu ananiuliza ningepeleka kikosi wapi.

Jumapili, 9 Julai

Wanaume wote wanahangaika na mafuta ya jenereta, wasikose fainali ya Kombe la Dunia. Hezron kaja kwangu.

Hezron ni mtoto wa Mzee, bwana shamba kule Ibaba. Ananuka majani ya kahawa na sabuni ya mche. Mwaka mzima ananisindikiza kutoka kwa baba yake hadi getini shuleni, na mwaka mzima tunaongelea magonjwa ya kahawa. Leo hakutaja kahawa.

Nimesema ndiyo hata kabla hajamaliza. Akabaki mdomo wazi!

Baadaye nikawaza: nitakuwa na vyote viwili. Yeye, na ile baraza. Ee Mungu, unanipendelea.

Jumamosi, 22 Julai

Washenga wamerudi kutoka kwetu Mlowo. Posa imekubaliwa! Baba kauliza tu kama kahawa ya hawa Wandali wa kina Hezron inanyweka kama yetu Wanyiha wa Mbozi. Shangazi Felista kapanda gari moja na washenga, aje aone nyumba ninayokwenda.

Jumatatu, 24 Julai

Nina aibu mpaka kwenye vidole vya miguu.

Baada ya vipindi nilipita njia ya mtoni kwenda kwa Mzee. Nikamwona anakuja, jembe begani. Nikakimbia. Nilitaka anisikie mwenyewe nikimwita baba. Nikanyoosha mikono yote miwili, "Shikamoo, baba!" — kwa sauti ya kuita darasa zima.

Akavuta kofia ikafunika macho. Akageuka, akaingia kwenye mibuni ya watu. Nilisikia matawi yakivunjika. Mzee wa miaka sitini na kitu, anakimbia!

Wanawake waliokuwa wakichuma kahawa walipiga yowe, kisha wakacheka, mmoja mpaka akakaa chini. "Mnyiha kamfukuza mkwe! Mnyiha kamfukuza mkwe!" Enesi, mpishi wa shule, ndiye aliyenivuta pembeni akanieleza. Kwa Wandali, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Ukimwona njiani unaingia porini wewe. Huli anapokula. Hutaji jina lake. Huongei naye. Na mwiko unaanza posa ikipokelewa, hausubiri harusi.

Mpaka lini?

"Mpaka mmoja wenu afe," alisema Enesi, kama anataja bei ya nyanya.

Kwetu Mbozi tunamheshimu mkwe, tunampigia magoti na makofi. Lakini tunaongea naye! Nilijua Wandali wana miiko. Sikujua kwamba huu umeshaanza tangu Jumamosi, na mimi nikiwa nimesimama katikati ya njia na mikono yangu hewani.

Alhamisi, 27 Julai

Hezron kaja. Anasema hayo ni ya zamani, mji unakua, yatapita. Nikamwambia basi twende wote sasa hivi tukamsalimie. Akaangalia viatu vyake. Akasema tumpe muda. Simlaumu. Hata kulitamka neno mwiko alishusha sauti.

Jioni Shangazi Felista alinikuta nimekaa gizani. Nikamweleza yote. Nikamwambia mahari inapelekwa Mlowo Jumamosi ya wiki ijayo, na mpaka siku hiyo bado msichana anaweza kurudisha neno.

"Hebu nikuulize, mama. Unaolewa na mtoto au na baba?"

Nikakasirika. Akaendelea kumenya viazi.

"Mume unampata. Mzee wa kupiga naye soga za Wajerumani si utatafuta mwingine?"

Hapatikani mwingine. Dar nilikaa na watu waliosoma kunizidi, hakuna aliyewahi kunibishia hivi, kwa furaha, bila kutaka kunishinda moja kwa moja. Nikikosa la kujibu huniambia nirudi kesho na silaha mpya. Na mimi hurudi.

Nampenda Hezron. Naandika tena ili niione: nampenda Hezron.

Ingekuwaje kama ningesema hapana? Ningebaki na baraza, nikimtazama Hezron akioa mwingine. Na huyo mwingine ndiye angekuwa anaingia porini.

Jumapili, 30 Julai

Baada ya ibada mama yake Hezron, Mama Tabita, aliniita jikoni. Mzee alikuwa Ibaba kwa ndugu. Nilidhani atanisema. Akanipa ungo wa maharage nichambue.

Akaniambia miaka kumi na moja aliishi boma moja na baba mkwe wake na hakumwona uso. Alijua kikohozi chake, alijua miguu yake. Akisikia anakuja anatupa hata mtungi. Mitungi mingapi! Anacheka. Nikamuuliza kama hakuumia. Akasema hapana, ile ilikuwa heshima kubwa, hakuna mtu aliyewahi kumpisha vile maishani. Mtu mzima, mwenye ng'ombe wake, anamkimbia yeye binti wa miaka kumi na nane!

"Sasa akiwa na shida je? Mkiwa wawili tu nyumbani?"

"Alikuwa anasema na kuku."

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Anasimama nje ya uzio. Anasema, wewe kuku, jua limewaka, mtu angeanua mtama. Basi mimi naanua. Siku moja mboga ilizidi chumvi. Alimtukana yule jogoo! Nilijifungia ndani nacheka."

"Na wewe ulikuwa unamjibu kuku?"

Akaacha kuchambua. Akanitazama sana.

"Mimi sikuwa na la kumjibu, mwanangu."

Ndaga, Mama Tabita. Ndaga fijo, asante sana. Sijalala nikiwa na shukrani kiasi hiki tangu nije Itumba.

Ijumaa, 4 Agosti

Asubuhi nilimwambia Shangazi: kesho mahari waipokee. Akasema, "Na mzee wako?" Nikasema huyo niachie mimi.

Mchana nikaja hapa. Jiko la Mama Tabita limetenganishwa na uwanja kwa uzio wa mianzi. Mzee yuko upande wa pili, ananoa panga kwa tupa. Nimekaa chini, mgongo kwenye uzio. Kuku mwekundu alikuwa akiparua karibu na mguu wangu.

Nikamwambia, kwa sauti:

"Wewe kuku. Nimeifikiria ile pikipiki. Ingeharibika, mpagazi mmoja wa Ibaba angefia Zambia na mzigo wa watu kichwani. Nyumba hii isingejengwa. Kuna mtu kesho asingekuwa na wa kumwoa. Kwa hiyo nashukuru kwamba iliwaka. Lakini bado nasema, pikipiki haikumaliza vita. Waliomaliza ni waliotua mizigo. Kama kuna anayebisha, abishe."

Halafu nikagonga ulimi. Tk.

Mama Tabita kaziba mdomo kwa khanga. Sijui anacheka au kashtuka. Kuku kakimbia. Naandika haya hapa hapa, daftari kwenye goti.

Tupa imenyamaza.

Sijasikia hatua za mtu akiondoka.