Milima ya kwenye nembo

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hapa Kasense hatujambo, na mama yako anapukuchua mahindi.

Umeniuliza ile milima ya kwenye nembo ya mji ni ipi. Siyo milima. Nikiwa msichana, mchoraji mgeni alichora shamba lenye matuta yaliyonyooka. Mama yangu akamcheka palepale sokoni: "Mwanangu, huku nyasi tunazifukia kwenye marundo ya udongo ya mviringo, zioze, ndipo tupande."

Akafuta, akachora marundo. Kila nembo ilipochorwa upya yalizidi kunenepa, mpaka yakawa milima.

Wenzako chuoni wakibisha, wakubalie tu. Ila waambie milima hiyo tuliilima kwa jembe.

Bibi yako