Mzee Aliyetupa Wafalme

Jumamosi. Joto la kunata tangu alfajiri, na wingu limekaa juu ya Bongwe halitaki kunyesha wala kuondoka. Nimerudi kutoka Diani, nimeoga mara mbili, na bado najiona mchafu.

Ukurasa huu wa blogu leo nimeufunga kwa neno la siri. Wale wasomaji wangu wachache wanaokuja kucheka visa vya hotelini watanisamehe. Haya si ya kuchekwa, na si yangu peke yangu hata niyatangaze.

Nianzie jana.

Jana ilikuwa siku ya pili ya yale mashindano ya poka ya pale hotelini Diani, yanayoonyeshwa kwenye televisheni. Mimi ni dila, mgawaji karata. Nachanganya, nagawa, nahesabu kilichowekwa katikati, naangalia kila mtu acheze kwa zamu yake. Najua, najua, kamari! Mama ameshanisomea mpaka koo limemkauka, nami humjibu kwamba sichezi, nagawa tu. Jibu hilo litanifikisha wapi siku ya kuulizwa, Mungu ndiye ajuaye. Lakini kazi naipenda, tena naiweza. Safari hii nilipewa meza kuu, ile yenye kamera, mimi mtoto wa Bongwe, na wenzangu wote wametoka Nairobi. Kichwa kilinivimba, sitaficha.

Katika wachezaji waliobaki mezani, mwenyeji alikuwa mmoja tu. Mzee Bakari, muuza mbao wa Msambweni. Aliingia kwa mchujo, hakuna aliyemtarajia, akawa anawaondoa watu mmoja mmoja kwa upole kana kwamba anawaomba radhi. Wapishi walikuwa wakichungulia mlangoni kumtazama. Hata mimi, ambaye sitakiwi kuwa na upande, nilikuwa namwombea kimoyomoyo.

Sheria yenyewe ni nyepesi. Mchezaji anayetaka kujitoa kwenye mkono, ndivyo tunavyouita mgao mmoja wa karata, husukuma karata zake mbele, zikiwa zimelala kifudifudi, na dila huzichukua akazitia kwenye rundo la karata zilizokufa. Anayeendelea huzilinda kwa mkono wake au huweka juu chipu moja, kile kisahani cha plastiki kinachohesabiwa badala ya pesa. Karata ikishaingia kwenye lile rundo imekwenda, mpaka msimamizi aseme vinginevyo.

Ulikuwa mkono wa mwisho wa siku. Mzee Bakari alikuwa ameweka nusu ya chipu zake katikati, na mpinzani wake, Mzungu mmoja mwenye kofia, alikuwa akifikiri amjibu au akimbie. Mzee ameshika karata zake mbili kwa mkono wa kulia, ametulia tuli.

Ndipo mlango wa pembeni ukafunguka akaingia Bi Mishi.

Bi Mishi ni jirani yetu hapa Bongwe. Huwapelekea watu wa kamera viazi vya karai, na siku zote hupita nyuma. Jana mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa na masanduku ya mitambo yao, na hakuna aliyemwonyesha njia nyingine, akatokea papo hapo ukumbini na sinia lake. Sasa, mke wa Mzee Bakari ni binti wa Bi Mishi. Harusi ile nilikuwako, nilimenya vitunguu mpaka macho yakafura. Mzee Bakari na mkwewe hawapishani sana kwa umri, lakini mkwe ni mkwe. Kwetu mtu hakai kitako mama mkwe wake akipita. Husimama, akampisha, akainamisha macho mpaka apite. Hafikirii. Mwili wenyewe husimama.

Na Mzee Bakari akasimama. Aliachia karata, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, macho chini. Uso wake, jamani! Amefumaniwa kwenye kamari na mama mkwe, mbele ya taa zote zile. Bi Mishi naye akauvuta mtandio usoni, akageuka na sinia lake akatoka. Watu wa kamera walidhani mzee ananyoosha miguu.

Karata zilikuwa zimesogea mbele kidogo alipoziachia. Hazina mkono juu, hazina chipu.

Mkono wangu ukaenda. Wallahi mkono ulikwenda peke yake, kama unavyofukuza nzi. Tulifundishwa hivyo, karata iliyoachwa iondoe, usiache meza na uchafu. Nilipotanabahi zilikuwa zimeshaingia kwenye rundo na zimechanganyika.

Mpaka hapo lilikuwa kosa la kazi tu. Madila hukosea. Mtu hugawa karata kabla ya zamu, hupindua ya jirani kwa bahati mbaya, msimamizi huitwa, mambo husawazishwa, watu huendelea. Laiti ningeishia hapo.

Mzee alirudi kitini akatazama mbele yake. "Karata zangu ziko wapi?" Hakupandisha sauti. Akaitwa Maina.

Maina ndiye msimamizi wetu, mwamuzi wa meza zote. Mtu wa bara, hana ubaya, ana haraka. Alikuja mbio na kifaa chake sikioni, na mtu wa matangazo anamwambia muda unakwisha. Akaniuliza swali moja.

"Dila, huyu mzee alijitoa ama hakujitoa?"

Nilikuwa najua. Katika ukumbi ule mzima, watu na mitambo yao, ukimwacha yeye mwenyewe, mimi peke yangu ndiye niliyejua kwa nini Mzee Bakari alisimama. Tena hata asiyejua habari ya mkwe angeweza kujiuliza, mtu aliyeweka nusu ya mali yake katikati na anangoja kujibiwa, ajitoe kwa lipi? Lakini Maina hakujiuliza, aliniuliza mimi. Kamera ilikuwa usoni pangu kwa mara ya kwanza tangu mashindano yaanze, maana siku zote huonyesha mikono yetu tu. Nikaona nikisema nimekosa, kesho naondolewa meza kuu, na wale wenzangu wa Nairobi watatazamana.

"Amejitoa," nikasema.

Mzee Bakari alinitazama. Nilidhani atafoka, nami ningeshukuru. Hakufoka. Atafokaje? Angeambiwa aeleze alisimama kwa nini. Chipu zake zote za katikati zikasukumwa kwa yule Mzungu, taa zikazimwa, siku ikaisha.

Jana nilikula, nikalala, nikajiambia ni mchezo tu. Leo asubuhi nimekwenda kununua mahamri, na yule dada muuzaji ameninyooshea simu yake huku anacheka mpaka machozi yanamtoka. Kumbe ile mitambo ya mezani ilikuwa imezisoma karata za mzee. Wafalme wawili. Karata ambazo hakuna mtu mwenye akili zake angejitoa nazo. Mtangazaji anasema mzee ameingiwa na baridi, labda umri. Video imeshaenea Ukunda nzima, na ameshapewa jina, Mzee Aliyetupa Wafalme. Kwenye video mikono yangu inaonekana inazikokota karata. Dada wa mahamri hakujua kuwa ni mikono ile ile iliyokuwa inampa pesa.

Nilirudi nyumbani nikashindwa kula yale mahamri.

Halafu Maina akapiga simu. Waandaaji wameiona video nao wameingiwa na shaka. Kwa kuwa ulikuwa mkono wa mwisho na hakuna karata nyingine zilizogawiwa baada yake, wanaweza kuurudisha. Mzee apewe wafalme wake, chipu zirudi katikati, mchezo uendelee kesho pale pale uliposimama. Wanachotaka ni mimi niseme kama alijitoa kweli au la. Nilifurahi, Mungu shahidi. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Baada ya adhuhuri tukakaa katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi, Maina, Mzee Bakari na mimi. Nilisema yote kwa pumzi moja. Hakujitoa. Nilizichukua mimi. Jana nilisema uongo kwa kuogopa.

Maina akashusha pumzi, akapangusa uso. Sikumwona kukasirika, zaidi alionekana kuchoka. Akasema sawa, wataurudisha mkono, lakini uamuzi kama huo husomwa mezani mbele ya kamera pamoja na sababu yake, maana sasa nchi nzima inauliza. "Kwa hivyo niambie nitasema nini. Alisimama kwa nini?"

Nikafungua mdomo. Nikamtazama Mzee Bakari, naye alikuwa ananitikisia kichwa, polepole, kama mtu anayemzuia mtoto asiguse jiko.

"Msihangaike," akamwambia Maina. "Nilijitoa mwenyewe. Niliogopa, basi. Binti huyu ananionea huruma tu."

"Mzee, na wafalme wawili?"

"Na wafalme wawili."

Nikasema si kweli. Nikasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, na machozi yakaanza kunitoka mbele ya watu, mimi nisiyelia ovyo. Maina akatutazama mmoja baada ya mwingine. Mchezaji mwenyewe amekiri, na dila anayetokwa na machozi jana alisema vingine. Alichagua lililo jepesi. Uamuzi wa jana unabaki.

Nilimkimbilia Mzee Bakari nje, karibu na pale wanapoegesha magari ya wageni. Nilimwomba arudi, nikamwambia tutasema alipatwa na ganzi, tutasema chochote. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno.

"Mwanangu," akasema, "jana ungesema sikujitoa, lingekwisha pale pale mezani. Nani angeuliza mzee kasimama kwa nini? Leo watauliza. Watairudisha ile video, watautafuta ule mlango, watamwona aliyeingia. Mama wa watu ajulikane nchi nzima kuwa alimkuta mkwewe kamarini? Yeye tangu jana hajamwambia mtu, hata bintiye hajamwambia. Amenisitiri. Na mimi nimsitiri."

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, hata maneno ya kuombea radhi nilikuwa nayo tayari, na hakuna aliyeyahitaji. Akanipigapiga begani akaenda zake. Kwa hiyo wacha waendelee kumwita hilo jina lao, muuza mbao wa watu, mtu aliyeniita mwanangu.

Najiuliza ningepoteza nini jana. Meza. Wiki moja ya kuangaliwa. Nilidhani ukweli ni kitu unachoweza kukiweka kabatini ukakitoa kesho kikiwa vile vile, wala sijui nilipata wapi fikira hiyo, maana nyumbani hatukufundishwa hivyo.

Na bado halijaisha. Jioni hii Maina amenitumia ujumbe. Nimebaki meza kuu mpaka fainali. Anasema waandaaji wamependa jinsi nilivyojibu jana mbele ya kamera bila kusita. Nimemwandikia kwamba sistahili, anipeleke meza za nje au anirudishe nyumbani kabisa. Amejibu kwa kidole gumba na maneno matatu, saa nne kamili.

Kwa hiyo kesho nitakuwako. Mzee Bakari atakuja akae mbele yangu na zile chipu zake zilizobaki, na mimi, kwa kuwa ni mkubwa wangu na nimelelewa, nitamwamkia shikamoo. Ninamjua. Ataniitikia marahaba vizuri kabisa, kama vile sikumfanya kitu. Hiyo marahaba yake nitaitia wapi?