Matuta ya Jicho la Kushoto

Mbeya, Jumapili, mwezi wa saba. Mwaka wa hamsini na tisa tangu tutoke kijijini Mkiwa.

Mama, shikamoo.

Juzi Ramadhani, mtoto wa baba mkubwa, alinipigia simu. "Kaka, umezeeka, rudi tuyamalize. Utachinja mbuzi, useme mbele ya ukoo kwamba mama yako alikosa, na sisi tutasema tumesamehe."

Tumesamehe! Watu waliokutoa nje umenishika mkono, baba yake akipiga kelele mlangoni: "Mchawi! Umelikula jicho la mwanao!"

Nimesoma, mama. Tangu nistaafu ualimu sina kazi nyingine. Na daktari wa macho hapa ameniambia jicho langu la kushoto, hili lisiloona, lenyewe ni zima. Kasoro iko nyuma ya kichwa, kwenye sehemu ya ubongo inayofanya kazi ya kuona. Imepangwa kama ramani: vitu vilivyo jirani mbele ya macho huwa jirani na humo ndani, na pale unapokazia macho hupewa eneo kubwa kuliko pembeni. Juu ya ramani hiyo macho mawili hugawana vipande vyembamba vinavyopishana, kama ulivyopanda mtama tuta hili, karanga tuta lile. Wataalamu wameyaona haya kwa paka na nyani. Mtoto mchanga akifungwa jicho moja, matuta ya lililo wazi hutanuka na kuchukua nafasi ya mwenzake. Ukija kulifungua, jicho linaona, ila halina pa kupeleka linachokiona.

Sasa lililo gumu, maana hukunilea kwa kunificha mambo. Ni kile kitambaa. Nilipokuwa mchanga jicho lilitoa usaha, ukalifunga miezi ile yote nzi wasitue. Kila asubuhi maji ya chumvi, kisha unalifunga tena. Likapona. Matuta yalikuwa yameshakwenda. Hukujua, mama. Hakuna aliyejua, hata yule mganga aliyekula kuku wetu.

Hili siwaambii akina Ramadhani. Watasema, "Si tulisema ni yeye?" Habari za nzi hawatazisikia.

Watoto kisimani waliniita Chongo. Ukamgeukia mmoja na ndoo kichwani: "Chongo wangu anayaona makamasi yako, kajifute!" Bado nacheka. Nacheka, halafu...

Jicho moja limenitosha. Nimesomea, nimefundishia, na ndilo lililokutazama nilipokufumba macho ulipokata roho.

Pumzika, mama. Nakuahidi sitakuombea msamaha kwa watu wanaopaswa kukuomba wewe. Ramadhani nimemjibu asubuhi hii: mbuzi amle mwenyewe. Mkiwa sirudi.