Sauti Yako Iko Chumba cha Tano

Baba,

Nimechoka. Naanzia hapo, maana wewe hukupenda salamu ndefu. Mteja akianza habari za nyumbani mpaka za mbuzi, ulikuwa unamkata: "Mashine ina nini?" Basi mashine yako ilipata jambo, na aliyeiharibu ni mimi.

Tangu tukuzike, duka la Bwera naliendesha peke yangu. Kompyuta ya mezani iliungua siku umeme uliporudi kwa kishindo, kwa hiyo kazi zote nikazihamishia kwenye laptopu yako: barua za shule, kadi za harusi, ratiba za mazishi. Upande wa Windows ukajaa mpaka kufungua ukurasa mmoja unamaliza kuchemsha chai. Upande wa Linux, ule mfumo wa pili uliouweka humo humo, sikuugusa. Mle ndimo ulimosema umetuwekea maneno. Siku zako za mwisho ulimwambia Mama, "Nimewarekodia, yako kwenye mashine, mtayasikia." Mama akasema tutayasikiliza matanga yakiisha. Matanga yakaisha, kahawa ikavunwa, na kila alipotaja nikamwambia kesho. Niliogopa, Baba. Niliogopa kukusikia ukihema.

Jumatatu moja nikaona nimpanulie Windows nafasi. Ulinifundisha kwamba diski ni nyumba moja, unaigawa vyumba, Windows alale huku na Linux kule, asiingie mmoja kwa mwenzake. Windows alikuwa chumba cha kwanza, Linux cha sita, na katikati uliacha cha tano kitupu. Cha pili hadi cha nne vilikokwenda ulinieleza mara kumi, na mara zote kumi niliitikia bila kuelewa. Nikakifuta cha tano, nafasi yake nikampa Windows. Nikazima, nikawasha. Skrini nyeusi. Mstari mmoja wa maandishi na kijistari kinachowaka na kuzima. Si Windows, si Linux.

Nikafungua daftari lako, ule ukurasa wa "Ikiwa nyeusi". Umeandika kwa mkono wako: iambie Linux iko chumba cha sita. Nikaiambia. Ikajibu hakuna chumba kama hicho. Nikaiambia tena, na tena, mpaka vidole vikauma.

Hesabu yenyewe sikuishuku. Ningeishukuje? Sisi Wakonzo tunaitwa kwa zamu ya kuzaliwa, na msichana wa kwanza ni Masika. Masika wetu alikufa kabla sijazaliwa, lakini mimi sikupandishwa. Nilizaliwa wa pili, nikaitwa Biira, na Biira nimebaki, ingawa mpaka leo watu wananiuliza dada yangu mkubwa ameolewa wapi. Aliyekufa ana nafasi yake, hakuna wa kuikalia. Nikadhani mashine nayo ni hivyo hivyo. Kama cha sita hakipo, basi nimekifuta cha sita. Nimekufuta wewe.

Mama akauliza. Nikamwambia betri inachaji. Siku tatu betri inachaji! Mama hajui kompyuta, lakini si mjinga. Aliniangalia, akaendelea kuchambua maharage.

Siku ya pili niliipeleka Kasese, kwa fundi mmoja upande wa Nyamwamba. Hakuitazama hata dakika moja. "Sister, hii tunaformat tu, tunafuta yote, tunaweka Windows mpya, twende mbele." Flashi ilikuwa tayari mkononi mwake. Nikamnyang'anya laptopu na kutoka bila kuaga. Ungekuwepo ungeona haya kwa ajili yangu.

Siku ya tatu akaja Mama Kavira, yule wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, anayeuza vitenge sokoni, ambaye kila mara ulimwashia upande wa Linux kwa sababu uliuweka kwa Kifaransa. Alitaka kibao kipya cha namba ya kibanda chake. Nikamwambia mashine inaumwa, nitaandika kwa mkono. Nikakata kipande cha boksi, nikachukua kalamu nene, nikaandika sita kwa mazoea, maana vibao vyake vyote tumemwandikia sita.

"Hapana, mutoto ya fundi, andika tano. Ule wa tano alirudia kwao Beni, bakatusukuma wote mbele. Sasa mimi wa sita niko wa tano. Batu banapotea, banaenda kwa sita, banakuta samaki!"

Nilibaki na kalamu hewani. Kisha nikamwandikia tano yake, kubwa, nikamsukuma mlangoni na kibao chake kabla wino haujakauka, nikarudi mbio kwenye mashine. Nikaiambia Linux iko chumba cha tano. Ikafunguka, Baba. Kila kitu kilikuwa mahali pake, hata ile picha yako ya mlima wenye theluji. Hakikufutwa kitu; kilisogezwa namba tu. Nililia nikiwa nimesimama, na mteja wa fotokopi ananitazama.

Nikaenda kumwita Mama. Kwanza nikamwambia kweli. "Nilijua," akasema. "Betri gani ya siku tatu?"

Tukakaa. Rekodi yako ni moja, fupi, haifiki dakika. Unakohoa. Unasema, "Moja, mbili. Inashika? Moja, mbili." Kisha kimya, kisha unapaza sauti: "Mama watoto, chai imefika wapi?" Mlango unalia. Basi. Nimetafuta kila mahali, hakuna nyingine. Ulikuwa unajaribu maiki. Labda ulichoka, labda uliamini umekwisha sema. Nilikukasirikia, sitakuficha. Nilitaka uniambie hili duka nilifanye nini, na kama nimefanya vizuri kubaki Bwera. Nilihangaika siku tatu kwa ajili ya chai.

Mama akanigusa mkono. "Rudisha pale pa chai." Nikarudisha. Ukauliza. Naye akakujibu, kwa sauti ile ya mtu mwenye kazi mikononi, bila kugeuza kichwa: "Inakuja."

Tumerudisha mara nyingi sana.

Sasa pumzika, Baba. Sauti nimeinakili kwenye flashi mbili, moja iko kwa Mama chini ya mto. Nakuahidi, nikiharibu kitu nitasema siku hiyo hiyo, sitaisingizia betri. Mama ameniomba nimfundishe kuiwasha mwenyewe. Ile orodha ya kuchagua Windows au Linux ilikuwa inahesabu sekunde kumi, kisha inaingia Windows bila kuuliza mtu, na kidole chake ni kizito. Hesabu nimeiondoa. Sasa inamngoja mpaka abonyeze.

Biira wako