Uwanja Uliofagiwa Koboko

Uwanja wa Ndege,
Arua.
9 Februari 1994

Mpendwa mdogo wangu Natale,

Hujambo huko Kampala? Kifua chako kimepona? Watoto wanaendelea vipi shuleni? Mimi ni mzima, mikono tu imejaa grisi kama kawaida. Nina hasira, nami sitaificha.

Alhamisi iliyopita dada yetu Driwaru alishikwa na uchungu huko Koboko, na mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni. Ombi likaja kwa redio ya polisi kwamba helikopta imchukue, impeleke hospitali ya Kuluva. Helikopta hiyo unaijua vizuri. Wewe ulikuwa kwenye kamati iliyoichagua, na mimi ndiye fundi wake.

Nilikuandikia kabla hamjanunua. Nilisema kiangazi chetu ni vumbi tupu, chukueni yenye kichujio cha vumbi mbele ya injini. Mkakifuta kichujio kwenye orodha, mkaongeza viti vya ngozi kwa ajili ya wakubwa. Mgonjwa analala kwenye machela, Natale. Kiti cha ngozi ni cha nini?

Nami nina kosa langu. Niliwaambia watu wa Koboko waandae uwanja wa shule tutue hapo, nikasahau watu wetu walivyo. Kwetu ua wenye majani ni aibu. Mgeni hupokelewa kwenye udongo uliofagiwa. Loku, jirani wa Driwaru, akawaita wanawake na majembe, wakapalilia na kufagia, pasibaki hata unyasi wa kushika udongo. Tulikuwa tayari angani aliponiambia redioni, kwa furaha, "Uwanja iko safi kabisa, fundi. Majani hata moja hakuna."

Nilimwona Driwaru mara moja tu, amelazwa kwenye kitanda cha kamba pembeni mwa uwanja, mama mkwe wake Nora akimkinga uso kwa kitenge. Kisha vumbi likawafunika. Rubani hakuona chini. Injini ikaanza kukohoa, akapandisha juu, tukarudi Arua.

Walimpeleka kwa lori la tumbaku. Kuluva walimwokoa yeye. Mtoto, wa kiume, tulimzika Jumamosi.

Injini nimeifungua. Mchanga umeila ndani, na vipuri hatuna, kwa hiyo polisi na wagonjwa wote sasa wanatembea kwa miguu. Nasikia mwezi ujao mnachagua helikopta nyingine. Usiniandikie kwamba umesikitika.

Driwaru anakusalimu sana. Anasema kama wewe ungejua hali ya huku, usingekubali watuletee mashine kama ile. Sijamwambia kwamba ulijua. Njoo umwambie mwenyewe, kabla hujaweka sahihi tena.

Nisalimie mkeo Paska na binti yenu Santa. Mungu awalinde wote nyumbani, na wewe akunyime usingizi mpaka ufike huku.

Kaka yako anayekupenda, hata leo,
Romano