Ini na Mfereji wa Chimala

Jumanne, Ilomba

Bado sielewi. Kesho nina sapu ya biokemia, mtihani wa kurudia, na nikifeli tena nafungasha virago.

Nilikariri kwamba damu inaingia kwenye ini kama maji kwenye mfereji wetu wa mpunga Chimala. Seli za juu zinapata oksijeni nyingi, za mwisho zinaambulia mabaki. Insulini nayo inaingilia huko huko juu. Basi nikajua amri zote zinatoka juu. Kumbe ishara kubwa inayozipangia seli kazi inatokea mwishoni, damu inapoliacha ini! Inawezekanaje?

Nikampigia mama kulalamika.

"We mwanangu, mgawa maji si anaanza kupanga zamu mkiani mwa mfereji? Akianzia juu, wa chini watavuna nini?"

Miaka yote nimelima pale. Kumbe hata mfereji sikuuelewa.