Niliugeuza Mwisho wa Filamu ili Najat Arudi kwa Mumewe

Mpendwa Bi Noela,

Kwa miaka tisa nimeficha kwamba filamu iliyomrudisha binti wa watu kwa mumewe niliitafsiri kwa uongo, na nilifanya hivyo makusudi, kwa ajili yake peke yake. Nina miaka sabini na nane, figo zangu zimekufa, na mwezi huu nimewaambia wanangu wasinipeleke tena kusafishwa damu, kwa hiyo naomba msaada wako mapema.

Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza huku Temeke, na nilipostaafu jirani yangu Fransis, mwenye duka la filamu hapa Tandika, aliniomba nimwekee sauti ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni, nikawa nakaa chumbani kwake, dirisha limezibwa kwa godoro, maiki mkononi, namsemea mwanamke, namsemea mwanamume, namsemea hata mbwa, na watu wakanipenda, hasa kina mama. Najat, binti wa jirani yangu mwingine Mwanabaraka (majina yote nimeyabadili), alikuwa hakosi hata moja.

Mshenga wa huyo Najat nilikuwa mimi. Barua ya posa ya Mwishehe niliipeleka kwa mikono yangu, nikamsifia mbele ya wajomba zake, na unajua kwetu Pwani kazi ya mshenga haiishi siku ya harusi, ndoa ikiyumba anaitwa yeye. Mwaka wa pili Najat akarudi kwa mama yake jicho limevimba, nikaitwa, nikaanza kumpa maneno ya kiutu uzima, akanikatisha: "Mwalimu, mie nirudi wapi? Umeniletea mnyama, si mtu. Kaa naye wewe basi!" Mama yake alicheka kwa uchungu, mimi nikaona aibu, kwa sababu katika ndoa kumi na nne nilizokuwa mshenga hakuna hata moja iliyokuwa imevunjika, na mtaa mzima ulinijua kwa hilo.

Wiki hiyohiyo Fransis alikuwa amenipa filamu ya kutisha iliyotokana na ile hadithi ya zamani ya msichana anayeishi kwenye jumba la mnyama, lakini hii ilikuwa ya giza, mvua tupu, mishumaa, makaburi uani ya mabibi harusi waliotangulia, na msichana anatoroka, kisha anamhurumia mnyama, anarudi, na mnyama habadiliki. Anamuua. Filamu inaishia mnyama akichimba. Nikamwambia Fransis akate dakika zile za mwisho, nikaishia pale msichana anapoingia mlangoni na mnyama analia, nikasema kwa sauti yangu nzuri kabisa: "Huruma ya mkewe ikamgeuza mtu, wakaishi kwa raha." Flashi nilimpelekea Najat mwenyewe, tukakaa mkekani tukaangalia. Alilia. Kisha akaniuliza, "Hivi Mwalimu, kwenye Kiingereza ndivyo wanavyosema?" Nikamjibu ndivyo, neno kwa neno.

Asubuhi akamwambia mama yake anarudi, na mama akamkunjia nguo, akamsindikiza hadi barabarani. Siku ya kumi na moja tulimzika. Mwishehe alifungwa kwa kuua bila kukusudia. Tangu hapo Mwanabaraka anasema yeye ndiye aliyemuua mwanawe kwa kumkunjia zile nguo, haendi kwenye shughuli ya mtu, na kila akija kunijulia hali ananiambia, "Mwalimu, wewe angalau ulijitahidi." Je, nimwambie ukweli nife akinilaani, au ninyamaze abakiwe na mtu mmoja wa kumheshimu?

Mwalimu mstaafu, Tandika

Noela anajibu:

Shikamoo mzee wangu. Pole kwa maradhi. Nimeshakuamkia, sasa niruhusu nikukaripie.

Usijidanganye kwamba unanyamaza kwa faida ya Mwanabaraka. Yeye ana mzigo usio wake, na wewe unauona kila anapoingia kwako kukupa pole. Unayehitaji kuheshimiwa ni wewe. Heshima hiyohiyo ndiyo iliyokufanya ukate filamu, na mpaka leo unailinda.

Mwite kesho. Usisubiri upate nguvu, maana unajua hazirudi. Akae na mmoja wa wanao, ili baadaye asitokee mtu wa kusema mgonjwa aliweweseka. Mweleze kwa mpangilio, hasa lile jibu ulilompa Najat mkekani. Usilie ukamlazimisha akubembeleze. Usiombe msamaha siku hiyohiyo. Akitaka kukupa atakupa, asipotaka ni haki yake, na hata asipokuja kukuzika ni haki yake pia.

Jambo moja linanikera. Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeniambia alichosema Najat, alichosema mama yake, hata aliyofanya mnyama wa kwenye filamu. Mshenga husikiliza pande zote mbili, mzee. Kwa Mwishehe lazima ulikwenda, na hukuniandikia hata neno lake moja. Hilo nalo lipeleke kesho kwa Mwanabaraka. Aanze kulisikia yeye, mimi baadaye.

Siku sita baadaye tulipokea barua hii. Mwandishi wake ametaka ichapishwe.

Bi Noela,

Nimemwambia, binti yangu Salma akiwa pembeni yangu. Niliposimulia habari ya filamu, Mwanabaraka hakupiga kelele. Alisema, "Mwanangu alikuwa na akili zake, Mwalimu. Hakuuawa na filamu." Halafu akaniangalia tu. Salma akataka kunipa maji, Mwanabaraka akamwambia, "Mwache, hajamaliza huyo."

Nikamaliza. Siku ileile niliyoitafsiri filamu, kabla sijaianza, nilikwenda kwa Mwishehe. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akasema, "Mlete tu, Mwalimu. Safari hii akitoka, anatoka na jeneza." Nilimsikia vizuri, na niliondoka nikaenda moja kwa moja kwa Fransis kuomba ile maiki. Mahakamani wakili wa serikali aliniuliza kama niliwahi kumsikia Mwishehe akimtishia mkewe. Nilikuwa nimeshaapa. Nikasema sijawahi.